Banda Lako Tumelishusha, Festo

Festo, ndugu yangu,

Tumelishusha jana Jumamosi. Nakuandikia leo watu wakiwa kanisani. Mimi nimebaki hapa Kaisho na mgongo unaouma. Mabati kumi na nane: kumi na manne mazima, manne yameliwa na kutu upande wa majini. Nguzo tisa: tano nzima, nne zimeoza kuanzia usawa wa goti kwenda chini. Mlango mmoja. Lile dirisha ulilolitengeneza kwa mbao za kreti limevunjikia mkononi mwangu, nisamehe.

Hatukulishusha kwa kupenda. Wiki ya tatu baada ya kukuzika, watu wa mazingira walipita na kopo la rangi wakapiga X nyekundu kwenye mlango wako. Mita sitini kutoka majini ndiyo sheria, na banda lako lilikuwa majini kwenyewe. Ziwa limeingia mpaka chini ya kitanda. Wakatoa siku thelathini, la sivyo walete watu wao wa kuvunja. Hao ninawajua. Wakivunja, bati linatoka kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Nikampigia Laurian, mvuvi mwenzako, Laurian akamwambia Deusi, nikakodi kirikuu cha kubebea mabati. Adelina mkeo alikuja na sufuria la ndizi na maharage na dumu la rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, akakaa juu kule kwenye nyasi, akatugeuzia mgongo. Hakutaka kuona.

Sasa niseme la moyoni, maana kulizunguka siwezi. Mabati ni kisingizio. Nilikwenda pale kwa sababu ya yale maneno.

Unayakumbuka. Tulipojenga, miaka tisa iliyopita, nilikwambia twende hatua tisini kutoka majini. Hatua yangu ni sentimita themanini, nimeipima mara nyingi, mguu wangu haudanganyi. Ukacheka, ukasema mvuvi anayelala hatua tisini kutoka ziwani huyo ni mkulima. Tukajenga hatua thelathini na mbili, ulipopataka wewe. Nikakubali, lilikuwa lako. Halafu zikaja zile mvua, misimu miwili mfululizo, ziwa likapanda. Nikapanda baiskeli kilomita kumi na nne kuja kukwambia tulihamishe banda nguzo zikiwa bado nzima. Ukanijibu mbele ya wavuvi wote:

"Bwana Futi, wewe unajua kupima. Mimi najua ziwa."

Wakacheka. Na mimi ni mtu niliyeanza kwa kubeba matofali kichwani, sina shule, sina baba aliyeniachia hata mgomba mmoja. Nilichonacho ni hivyo vipimo. Nikaona umenivua nguo. Nikasema, "Basi ziwa likikufuata, usiniite."

Miezi kumi na minne bila kusemezana, Festo. Maji yalipofika mlangoni hukuniita. Yalipoingia ndani hukuniita. Ukaanguka shambani kwa presha, ukalala hospitali siku nne, na siku ya tano asubuhi Laurian ndiye aliyepiga simu. Nilijua kabla hajamaliza salamu. Adelina anasema siku zile nne ulimi wako haukuweza kutamka hata jina lake. Namwamini. Lakini miezi kumi na minne si siku nne. Ulimi ulikuwepo. Hilo ndilo linalonila tangu msibani, kwamba labda uliondoka na hasira yangu kifuani, ukaitii kama amri, na mimi sina pa kwenda kuifuta.

Basi. Kazi ilikwenda hivi. Laurian alipanda juu kung'oa misumari, Deusi akapokea mabati, mimi nikasimama chini nikinyoosha kila msumari na kuutia kwenye mkebe. Laurian akasema mimi hata nikifika mbinguni nitaomba kwanza kupima lango. Deusi akasema nitaambiwa lina kasoro. Nikawaacha. Ungekuwepo ungeongeza la tatu, baya kuliko yote.

Juu ya kenchi, kwenye mbao za paa, Laurian alikuta kifuko chako cha kahawa ya kutafuna, kikavu kabisa, umekifunga kwa uzi wa nyavu. Akashuka nacho. Tukachukua mbili mbili, tukatafuna tumesimama ndani ya maji. Nilikumbuka ulivyokuwa ukirudi alfajiri, nikikuuliza samaki wangapi, unasema, "Wanatosha." Miaka yote ile sikuwahi kupata hesabu kutoka kwako. Nilikuwa nakwenda mtumbwini kuwahesabu mwenyewe, na wewe unawagawa nyuma yangu kwa kila anayepita, hesabu haikai.

Saa saba hivi Deusi alikuwa akipandisha bati la mwisho kwenda kwenye gari. Akapita kwenye nyasi ndefu, na mara mguu ukazama mpaka gotini. Alitukana matusi ya Kinyambo ambayo sitayaandika, leo ni Jumapili. Tulipomvuta nikaona ni shimo. Limefunikwa kwa mafunjo makavu. Nikadhani mtego wa mtu. Lakini mimi ni fundi, Festo. Shimo la mtego halichimbwi wima hivyo. Nikapiga futi tisa kushoto, nikafunua nyasi, lingine. Futi tisa tena, lingine. Tatu kwa tatu. Ni nyumba, nikasema. Nani anajenga hapa?

Laurian alikuwa akitazama ziwa.

Nikamuuliza mara ya pili. Ndipo akasema, polepole, kama mtu anayekiri mbele ya padri. Kwamba wiki mbili kabla hujaanguka alikukuta unatoka majini kupanda huku, umebeba sepeto begani, unatanua miguu kama korongo mpaka suruali ikapasuka. Akakuuliza kama umerukwa na akili. Ukamjibu, na neno lenyewe alilirudia mara mbili nilipomwomba:

"Napima kwa miguu ya Bwana Futi. Yangu mifupi, ataikataa."

Ukamwambia asiniambie. Siku ya kusimamisha nguzo utanipigia mwenyewe, nije nikosoe.

Nilimkasirikia Laurian, nisikufiche. Nikamuuliza kwa nini msibani hakusema. Akasema alidhani najua, halafu akaona sijui, halafu akaogopa uso wangu. Tangu hapo kila siku iliyopita iliongeza ugumu. Hata mimi ugumu wangu uliongezeka hivyohivyo, siku kwa siku, mpaka miezi kumi na minne.

Nikashuka mpaka ukingoni, nikageuka, nikahesabu. Themanini na tisa na nusu. Maji yamekula nusu hatua tangu ulipopima. Kwa miguu yako zingefika mia na kumi na moja. Nilirudia mara mbili. Kisha nikachukua kamba nikapima pembe kwa pembe, na zimepishana vidole vinne, nyumba ingekaa upande kidogo, Festo. Vidole vinne. Ningekosoa, ndiyo. Ningekukosoa mbele ya wavuvi wote, nawe ungesema vidole vinne samaki hawavijui. Hapo ndipo nilipokaa chini. Deusi akaenda kuangalia gari ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Lakini nina manung'uniko na wewe, na utayasikiliza. Kwa nini usubiri nguzo? Nguzo za nini? Ungetuma mtu siku ile ile, neno moja tu, ningekuja usiku kwa miguu. Ulitaka kunifurahisha kwa mshangao, na mimi si mtu wa mishangao, unajua. Wiki mbili, ndugu yangu. Tungekaa wiki mbili tukibishana juu ya vidole vinne.

Deusi alisema tusimamishe zile nguzo tano palepale, kwa heshima yako. Nikamwambia nguzo tano hazifanyi nyumba. Adelina akawa amesimama nyuma yetu, hatukumsikia akija. Aliyatazama mashimo yote, moja moja.

"Shemeji, mimi ziwani sirudi," akasema. "Nataka jiko. Haya yafukieni, ng'ombe wa watu watavunjika miguu."

Laurian akashika sepeto. Nikamnyang'anya.

Hili hulijui, na sikumwambia mtu. Siku ya mazishi yako sikutupa udongo. Watu walipanga mstari, kila mmoja konzi yake, na mimi nilisimama nyuma kwenye mibuni nikijifanya napokea simu. Nilihisi sina haki. Nilihisi ukiuona mkono wangu utasema, huyu si alisema nisimwite.

Jana niliyafukia yote tisa peke yangu. Laurian na Deusi walitaka kusaidia, nikawakatalia. Nadhani walielewa, maana walivua kofia. Udongo wa pale ni mzito, una mawe madogo. Shimo la kwanza nilikuwa na hasira. La nne mgongo ukaanza. La tisa nilipiga magoti nikalijaza kwa mikono.

Jiko la Adelina nitalisimamisha mwezi huu, kwa nguzo zako tano na nne za kwangu, chini ya mabati yako kumi na manne. Nimekwisha kulichora. Na jambo la pili: una habari za kaka yangu wa Chonyonyo, ambaye hatujasalimiana tangu mzozo wa mpaka wa mashamba tuliyonunua. Ulinisumbua sana niende kwake, na mimi nikakuonyesha vipimo. Makosa ni yake, Festo. Nimepima pande zote nne na makosa ni yake. Jumamosi ijayo nakwenda kwake hivyohivyo, mikono mitupu, futi yangu ya kupimia nitaiacha nyumbani.

Pumzika, ndugu yangu. Ulichimba vizuri.

Wako,
Bwana Futi