Kinywaji cha Msumeno wa Mawe

Tlawi, Mbulu
2 Agosti 1953

Mwanangu mpenzi Joakimu,

Salamu nyingi zikufikie huko Korogwe kwenye kiwanda cha mkonge. Najua ungekuwa hapa ungeniamkia shikamoo kabla hujaingia ndani, kwa hiyo naitikia tangu sasa, marahaba mwanangu. Hujambo? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimepona? Unakula vizuri? Nikolausi, mume wa dada yako, naye hajambo? Msalimu sana, lakini barua hii usimsomee. Isome peke yako.

Sisi hapa tupo. Baba yako Patriki ameteremka Hirbadaw na ng'ombe tangu Juni, kufuata majani, na amesema harudi mpaka mvua. Bibi yako anakusalimu. Macho yake sasa hayaoni hata moto, lakini masikio ni mazima kuliko yangu, na kila siku anauliza kama umeoa. Mdogo wako Tadei anakusalimu. Yeye analala machimboni na wenzake, nyumbani tunamwona Jumapili baada ya Misa. Dada yako Juliana anakusalimu pia, yupo hapa nyumbani kwangu. Habari zake nitakuambia. Mahindi si mabaya, ila baridi ya mwaka huu ni kali sana.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa herufi zile alizotufundisha katekista, kwa hiyo unisamehe zikipinda. Haya siwezi kumwomba mtu aniandikie.

Nakuandikia wewe kwa sababu wewe ni mtu wa mitambo. Ulipoondoka machimbo yalikuwa ya nyundo na tindo. Sasa yule mkandarasi Mzungu ameleta msumeno wa kukata mawe, duara la chuma refu kunipita mimi, linazungushwa na injini. Fundi wake ni Yahaya wa Dongobesh, mtu wa maneno mengi. Huyo ndiye aliyemchagua Tadei awe mlishaji wa msumeno, yaani mtu wa kuumwagia kitu cha kuupoza unapokata, maana bila hicho chuma kinawaka moto na kupinda. Watu wanakiita kinywaji cha msumeno. Mimi na wanawake watatu tunateka maji chemchemini na kuyajaza kwenye pipa. Yahaya hututania, anasema ameoa msumeno mlevi na sisi ndio wapishi wa pombe.

Mwanzoni maji matupu yalitosha. Msumeno ulikuwa unakata kwa sauti nzito, kama jiwe la kusagia, na yule bwana mkandarasi alifurahi. Kisha, baada ya Pasaka, ukaanza kulia.

Sijui nikuelezeje. Chuma kulia ni kawaida, Yahaya mwenyewe alisema hivyo. Lakini hii si sauti ya chuma. Inaanza chini, inakatika, inavuta pumzi, inaanza tena. Wanaume walikuwa wanacheka siku ya kwanza. Siku ya tatu hawakucheka. Bibi yako alikuwa ameketi uani anaota jua, akaniita, akaniuliza huyo ni mtoto wa nani na kwa nini mama yake hampi ziwa. Nikamwambia ni msumeno, Bibi. Akaniambia yeye amezaa watoto tisa, nisimfundishe sauti ya njaa.

Na kila ulipolia haukukata vizuri. Uliruka, jiwe likatoka limepinda. Bwana akasema kosa liko kwenye kinywaji, na mlishaji akishindwa kupata kinywaji kinachofaa ataondoka, atatafutwa mwingine. Unamjua mdogo wako, hajawahi kuwa na kazi nyingine ya maana. Akaanza kujaribu. Alimwaga mafuta machafu ya injini, jiwe likanyonya na kuwa na madoa ya kahawia, mawe kumi na mawili yakatupwa. Akachanganya mafuta ya taa kidogo, ukatoka moshi, Yahaya akamfukuza nayo akimwuliza kama anataka kuwabanika. Akayeyusha mafuta ya kondoo, lakini kwa baridi ya hapa asubuhi yalikuwa yameganda pipani, na unga wa jiwe ukashikana nayo kwenye meno ya msumeno kama ugali. Akaja kwangu kuchukua mafuta ya mbarika ninayokamua. Peke yake yalinata chuma kilipopata moto. Mwisho akayapiga pamoja na sabuni na maji ya moto, yakawa meupe, laini, yanateleza. Ungeyaona ungesema ni maziwa.

Siku hiyo msumeno ulinyamaza. Ukakata mpaka jioni, jiwe likatoka laini kama meza ya altare. Yahaya alimbeba Tadei mabegani akiwaambia watu kwamba huyu Mwiraqw amemlevya mke wake. Bwana amemwambia aandike kipimo chake chote, kwa sababu ameagiza msumeno wa pili, nao utalishwa hivyo hivyo. Tadei ameandika: mbarika kiasi hiki, sabuni kiasi hiki, maji kiasi hiki. Jumapili iliyopita alinisomea kwa furaha. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikamwambia vizuri mwanangu.

Joakimu, kipimo kile kina upungufu. Sasa nakuambia, na nakuomba usinihukumu kabla hujamaliza kusoma.

Dada yako alikuja kwangu Machi akiwa na mimba ya Nikolausi, miezi mitano, bado haionekani chini ya shuka. Wiki ile ya baada ya Pasaka ikatoka. Alikuwa mtoto wa kiume, hakulia hata mara moja. Unajua metimani, ule mwiko wetu, ulivyo. Nyumba ikipatwa na jambo la namna hiyo inafungwa. Hatuteki maji kwenye chemchemi ya watu, hatupeani mikono wala moto na jirani, na wote wa nyumba hiyo wanakaa kando miezi mpaka watakaswe. Tadei angeitwa kutoka machimboni, na kazi yake ingechukuliwa siku hiyo hiyo. Nikafikiri, baba yenu wiki hii yuko malishoni, Bibi haoni, nani atajua? Nikamzika mtoto mwenyewe, kimya kimya. Nikawaambia watu Juliana ana homa ya kifua. Asubuhi yake nikachukua debe nikaenda chemchemini kama kawaida, nikateka, nikamimina kwenye pipa la msumeno. Ndiyo siku ulipoanza kulia.

Na kila ulipolia, nguo ya Juliana ililowa kifuani. Umbali wote ule, mlima katikati, yeye yumo ndani anapeta mtama, maziwa yanamtoka mpaka yanadondoka kwenye ungo. Ukizimwa, yanakoma.

Siku ile Tadei alipokuja kuchukua mafuta ya mbarika mara ya pili, nilikuwa nimeyakamua yale maziwa katika kikombe ili asipate jipu. Sijui ni nani aliyenituma. Niliyamimina katika kibuyu cha mafuta na kumpa. Alipoyapiga na sabuni yote yakawa meupe, hangeweza kujua. Nawe unaweza kusema ni mbarika na sabuni ndivyo vilivyonyamazisha, mimi pia nilitaka iwe hivyo. Kwa hiyo wiki moja baadaye nikampa mafuta matupu. Msumeno ulilia kabla ya saa nne asubuhi, jino likakatika, likapita shavuni kwa Tadei na kujikita kwenye mti. Kovu analo mpaka leo. Tangu hapo nimepeleka kikombe kila siku, nakimimina pipani pamoja na maji, na msumeno uko kimya, na watu wanamsifu mdogo wako.

Lakini ni mwezi wa nne sasa, na maziwa ya Juliana hayakauki. Mtoto hai angekuwa amemwachia nafasi ya kupumua. Amekonda, kucha zake zimekuwa nyeupe, akisimama anashika ukuta. Juzi nilirudi kutoka shambani nikamkosa ndani. Nilimkuta machimboni, wanaume wamekwenda kula, injini imezimwa, yeye ameketi karibu na lile duara, ameegemeza kifua kwenye chuma. Nikamshika mkono nimtoe. Hakukataa, ila aliniambia kwa upole kwamba nisimpimie tena kwa kikombe, atakuja mwenyewe. Tulipokuwa tunapanda kilima Bibi alitusikia, akasema haya, leo ameshiba.

Mwanangu, wewe unakaa na mitambo mikubwa kuliko huu. Nakuomba ukawaulize mafundi wenu kama yapo mafuta ya kiwandani, ya kopo, yanayoweza kunyamazisha msumeno wa mawe peke yake bila kitu kingine. Kama yapo, niandikie jina lake wazi, Yahaya aagize, nami nimtoe Juliana hapa nimpeleke kwa shangazi yako Endagikot. Kama hayapo, niambie hayapo, usinifariji. Hapo nitakwenda kwa wazee nikaseme niliyoyatenda, nyumba ifungwe, Tadei apoteze kazi. Naogopa kumwangamiza mmoja kwa ajili ya mwingine, na siwezi kuchagua mpaka nijue kutoka kwako.

Bibi anakusalimu tena. Juliana amelala, amesema nikusalimu na nikuulize kama Nikolausi alikuwa amechagua jina. Usimwulize. Msalimu tu, na wote mnaokaa nao.

Lori la barua linapita Mbulu Jumatano na Jumamosi. Jibu hata kwa mstari mmoja, hata kwa simu ya upepo, lakini jibu upesi, Joakimu. Msumeno wa pili umeshafika Babati.

Mimi mama yako akupendaye,
Benedikta