Karibuni Unasema Wewe, Starehe Anajibu Mwanao

Mjukuu wangu Salha,

Salamu nilikutumia kwa sauti asubuhi, sizirudii. Haya ya leo sikutaka kuyasema kwenye simu, maana sauti yangu huiachi ikafika mwisho. Nikianza tu unanikatiza: "Bibi, bibi, nisikilize kwanza." Karatasi haikatizwi. Nimeandika kwa mkono wangu, kwa kisomo kile kile cha watu wazima ulichokuwa ukinicheka nacho ulipokuwa darasa la tatu, ukisema nashika kalamu kama nashika kisu cha kupaa samaki. Mwalimu Neema, yule jirani yetu wa bara, ananisahihishia herufi tu. Maneno ni yangu. Nimemwambia nikimaliza aipige picha aiweke kwenye ukurasa wako, chini ya ile video ya miguu yangu. Ndiyo, akaiweke hapo hapo. Miguu yangu umeianika mbele ya watu nisiowajua, nami nakujibu mbele ya watu hao hao.

Umeniuliza jambo moja: mwanao Nuru aje kwako Dubai, au abaki kwangu Kiuyu. Unataka jibu kabla skuli hazijafunguliwa. Chumba cha peke yako umepata, karatasi za mtoto zimetoka, na yuko mtu wa Wete anasafiri mwezi ujao, atamshika mkono kwenye ndege. Kila kitu tayari, limebaki neno langu. Basi neno langu nalitafuta, Salha, na wallahi silioni. Usidhani bibi yako anajua jibu anakuficha. Nimezoea kujua. Mara hii sijui, na kutojua kunaniudhi kuliko jino.

Hao wanaokutazama pengine hawajui kama una mtoto, maana kwenye video zako sijamwona hata mara moja. Basi wajue. Ulimwacha ana mwaka na miezi minne, bado analilia ziwa lako, ukaenda kupiga pasi mashuka ya hoteli. Leo ana miaka sita na mapengo mawili. Siku za kazi unapiga pasi. Siku za mapumziko unajipamba, unatoka na simu yako, unawaambia Waswahili wapi pa kula, wapi pa kupiga picha, sikukuu waende wapi na watoto. Kila video unaanza kwa mikono miwili na meno yote nje: "Karibuni Dubai!" Nikakuuliza, hiyo ndiyo kazi au ndiyo mapumziko? Ukacheka. Mpaka leo hukunijibu.

Ukanambia, njoo uone mwenyewe, bibi, ndipo useme. Nikaja sikukuu ya Idi. Nuru nikamwacha kwa Mwalimu Neema, nikapanda ndege, mimi ambaye hata boti ya Unguja napanda nikiwa nimefumba macho. Nikaja, nikaona. Kabla sijaona nilikuwa na akili yangu timamu. Nimerudi nimechanganyikiwa.

Tuanze na hiyo miguu. Ulinipeleka lile duka kubwa mnaloliita moli. Nimefika mlangoni nikapiga hodi, kama mtu aliyelelewa. Mlango ukafunguka wenyewe, ndani hamna mtu aliyeitika. Nikasimama. Ukafunga, ukafunguka, ukafunga. Watu wananipita kulia na kushoto, na weye uko mbele na simu yako unanipiga video unakauka kwa kicheko. "Ingia, bibi!" Niingie vipi? Nani kanikaribisha? Ndipo yule mlinzi, mtu mzima wa Mombasa, akasogea akasema, "Karibu, mama, pita." Mungu amjaalie. Hapo nikavua makubadhi yangu, nikayapanga pembeni mwa mlango, nikapita. Sakafu ile inang'aa kuliko ya msikitini, ulitaka niikanyage na mchanga wa Kiuyu? Tuliporudi makubadhi hayapo, mfagiaji kashayazoa. Ukaninunulia viatu laini kama mkate wa boflo, na jioni ile ile dunia nzima ikaniona natembea miguu mitupu katikati ya maduka ya dhahabu. Watu wakaandika, "bibi kanifurahisha." Sikwenda kule kumfurahisha mtu.

Halafu treni. Ukanambia kuna behewa la wanawake na watoto, nikafurahi, nikajua hapo patakuwa na maneno. Kumbe kimya. Msibani penyewe tunasema! Nikafungua mkate wangu wa kumimina niliotoka nao nyumbani, nikamnyooshea yule dada wa mbele yangu: "Karibu." Akarudisha macho kwenye simu. Na wewe ukanirukia kama nimeshika nyoka: "Bibi, funga! Hapa hakuliwi, kuna faini!" Nikaufunga. Lakini nilikaa na aibu mpaka kituo cha mwisho, na si aibu ya faini. Ni kwamba nilimwambia mtu karibu, asiniambie hata starehe.

Wewe hilo unalijua, nilikufundisha mimi. Ulipokuwa na miaka mitano, mtu akikuita chakula ukipita, unakimbilia sahani. Nikakufinya. Nikakwambia, ukikaribishwa na hukusudii kuingia, sema starehe, yaani endeleeni kwa raha zenu, mimi napita. Si kukubali wala si kukataa kwa ukali. Ulilisema siku nzima, unamwambia kila mtu starehe, hata mbuzi.

Na sikukuu yako ya kwanza mjini Chake unaikumbuka? Gauni la waridi, mkanda umekubana kwa biriani. Ukapanda bembea mara tatu, malai ya barafu ikakuchuruzikia mpaka kiwikoni, puto likakuponyoka. Ukalia usiseme puto. Ukasema, "Bibi, tusirudi nyumbani." Nilicheka. Sikujua kama naambiwa habari.

Maana nililikumbuka hilo gauni siku ya yale maji yanayoruka kwa muziki. Umati, watoto mabegani mwa baba zao, fataki. Wewe umeinua simu, unasema, "Hapa ndipo mahala pa kuja na familia yako sikukuu." Sauti tamu. Halafu ukazima simu, na uso nao ukazimika. Nilikuwa nakutazama wewe, sikuwa natazama maji. Nikakuuliza, "Una nini?" Ukasema, "Sina kitu, bibi, miguu tu." Miguu! Mtu anayesimama na pasi kutwa, siku yake ya kupumzika anakwenda kusimama tena, atafute familia za watu za kuzionyesha wenziwe.

Hapo nikasema, nimeshajua. Mtoto haji huku.

Lakini kesho yake ukanipeleka kazini kwako, na hapo ukaniharibia hesabu. Nikakuona unamkabili msimamizi, mwanamme mrefu kama mnazi, shuka mkononi, unamwonyesha doa, Kiarabu kidogo, Kiingereza kingi, hupepesi macho. Akakusikiliza. Akaondoka na shuka lake. Wenzio wakakupigia makofi, ukacheka kile kicheko chako cha puani ambacho kwenye video hukitoi. Nikajivuna, sikufichi. Nikasema, huyu angebaki Kiuyu nani angemsikiliza? Mumewe? Huyo aliyekuacha kwa ujumbe wa simu? Na mwanawe akikua hapa na kichwa kama cha mamake, atamsikiliza nani?

Sasa unaona. Nikiwaza mchana nasema aende, nikimwona Nuru anavua ushungi wake kwa meno nasema abaki.

Tena lile la sahani. Siku mbili kabla sijaondoka nilipika kaimati, wewe uko kazini. Nikajaza sahani yangu ya maua ya buluu, ile niliyokuletea, nikatoka kwenye ule ukumbi mrefu wenye milango kama kabati. Nikapiga hodi mlango wa kwanza. Kimya. Wa pili, nasikia televisheni, nikapiga hodi, televisheni ikapunguzwa, hapana aliyefungua. Wa tano ukafunguka kidole kimoja, jicho likanitazama, ukafungwa. Nikaenda mpaka wa mwisho, wa nane. Yule mama wa Kihindi akafungua, mzee kama mimi. Hakunielewa wala sikumwelewa. Nikamtia sahani mikononi, nikarudi. Uliponiuliza sahani iko wapi nikakwambia imekwenda. Ukanigombeza, Salha! Wewe! "Bibi, hapa watu hawafanyi hivyo, utatuletea matatizo." Nikakuuliza, umekaa jengo hili miaka mingapi? Miaka mitano. Jirani yako anaitwa nani? Ukainamia kiatu.

Basi na hao wanaokufuata waambie na haya usiyowaambia, nami nimekwenda mwenyewe. Sweta wachukue, nje tanuri na ndani barafu. Viatu wasivue. Kwenye treni wale kabla. Tambuu ya kutafuna waiache kwao. Mlango ukifunguka wenyewe wasisubiri kuitwa, watazeeka. Na wakikutana na yule mlinzi wa Mombasa wamsalimie, kwa siku kumi na mbili yeye ndiye peke yake aliyeniambia karibu bila ya kuniuzia kitu.

Nimerudi, nikakaa na uamuzi wangu wa hapana kwa wiki mbili. Nikakaa nao vizuri. Halafu mambo mawili yakatokea.

La kwanza, Nuru. Mwalimu Neema alikuja barazani na simu, tukaitazama video yako mpya, ile ya theluji ndani ya duka. Ukatokea: "Karibuni Dubai!" Na Nuru, anamenya chungwa, hata hakuinua kichwa, akajibu, "Starehe." Mwalimu akacheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Nikamuuliza, "Unamjibu nani?" Akasema, "Yule mama anayekaribisha." Nikasema, "Yule ni mamako." Akasema, "Najua." Akaendelea na chungwa lake. Mwalimu akanambia kule kwake alikuwa akijibu hivyo hivyo kila siku niliyokuwa sipo, adabu zote. Umemwita miaka yote hii pamoja na watu wote, anakujibu kama mpita njia. Mtoto hakukosea neno. Nimemfundisha mimi.

La pili, juzi ukanitumia picha ya sahani yangu. Umeikuta mlangoni, imejaa wali wa manjano na viazi, imefunikwa kitambaa kisafi. Ukaandika, "Bibi, jirani karudisha. Anaitwa Lata. Kaniuliza bibi yuko wapi." Umeweka na vile vichwa vinavyolia. Salha, nilikaa na ile picha mpaka uji ukaungua. Sahani hairudi tupu, hata huko. Kumbe wapo. Kumbe mlango mmoja katika minane si haba, hapa kwetu kwenyewe nyumba ya pili sisemi nayo tangu kuku wao wale mchicha wangu. Ile hapana yangu ikavunjika mguu. Na ile ndiyo nayo haikusimama.

Kwa hiyo nisikilize, na usinikatize. Nuru hatoki hapa na mtu wa Wete. Namjua, mtu mwema, kwao watu wema. Lakini mtoto si kifurushi akabidhiwe kwa mkono wa mtu, akakutwe uwanja wa ndege na mwanamke anayetabasamu kama kwenye simu, amwambie starehe mbele ya watu. Utafanya nini hapo? Utawasha video?

Njoo wewe. Omba ruhusa, huyo mrefu kama mnazi atakusikiliza, nimeona mwenyewe. Hati ya kusafiria ya mtoto nimeifunga kwenye kanga, iko kasha la juu, sijaificha wala sijaichoma. Simu iache Chake kwa fundi, ukitaka useme imeharibika. Njoo na miguu yako mpaka mlango huu wa mbao, wenye alama za urefu wako ubavuni, na zake kando ya zako. Usiingie moja kwa moja kama zamani. Simama nje upige hodi.

Mimi sitaitika. Nitakuwa jikoni, na nitanyamaza, na unajua kunyamaza kwangu ni kazi. Umemkaribisha yeye miaka mitano. Sasa simama umsubiri yeye akukaribishe wewe, hata ikipita asubuhi nzima. Siku atakayokwambia "karibu, mama," ingia, mle sahani moja, mlale mkeka mmoja, mgombane mpatane. Baada ya hapo akikushika mkono mwenyewe kwenda nawe, mimi nitawasindikiza mpaka ndegeni na makubadhi yangu mapya, na sitasema kitu. Asipokushika, kaa kidogo zaidi.

Na ile sahani ya Bi Lata usiiweke kabatini. Ni zamu yako kuijaza.

Mimi bibi yako wa Kiuyu,
mwenye ile miguu.