Glasi ya Maji kwa Mgema

Jagna, Bohol
9 Mei

Kwako dada yangu mpendwa Edelmira,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Madrid, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umepata nafuu. Sisi hapa tunapumua. Mama ni mzima na anakula vizuri, ila hajasema nami tangu Jumapili, ndiyo maana nakuandikia kabla hujayasikia kwa watu.

Unamkumbuka Teodulo, mtoto wa mzee Fortunato mgema, aliyekuwa akituletea tembo enzi za uhai wa baba. Nampenda, naye ananipenda, na Jumapili wazee wake walikuja kuniposa. Walikuja kama desturi inavyotaka: chakula wamekipika kwao, kuni zao, sahani zao, chumvi yao, hata maji yao kwenye madumu, wasije wakagusa kitu cha nyumba yetu kabla hatujasema ndiyo, maana kugusa ni kujivunjia posa. Nguruwe wao alikuwa mdogo, sikatai, lakini alikuwa ameokwa akaiva, ngozi inavunjika kwa kidole. Mama alimtazama akaniuliza, kwa sauti ya kusikika, kama yule ni nguruwe au paka wa jirani.

Alikuwa amekaa barazani, juu ya vigae ulivyolipia wewe, na viatu ulivyomtumia miguuni. Asubuhi ya siku ile alikuwa ameniambia kwamba hawezi kuwakataa watu kwa umaskini tu, majirani watamsema, kwa hiyo lazima ipatikane sababu. Nilidhani ni hasira zake za kawaida.

Mzee Fortunato alipoanza maneno ya posa, kikohozi kilimbana. Madumu yao yalikuwa mbali, kule uani. Mama akainuka kwa upole ambao sijauona kwake tangu tulipomzika baba, akamletea glasi ya maji kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia, "Kunywa, kaka, usijitese bure." Mzee akanywa, angefanyaje? Aliporudisha glasi, mama akawageukia majirani waliokuja kushuhudia. "Mmejionea wenyewe," akasema. "Wamekuja kuomba binti, wameanza kwa kuomba maji." Kisha akalitamka lile neno la maskini, pobre, polepole, vilevile wenye mashamba walivyokuwa wakilitamka sisi tulipopeleka nazi zetu. Kwamba hao ni maskini wa kutupwa, na binti yake hatawapikia maskini.

Watu walicheka. Mama yake Teodulo akaanza kukusanya sahani, na Teodulo akawa anatazama vidole vyake vya miguu.  Sijawahi kumchukia mama kama nilivyomchukia saa ile.

Sasa nikwambie nililolifanya, maana utaambiwa na wengine kwa chumvi nyingi. Unajua mama amewatangazia watu wote kwamba wewe ni muuguzi mkuu wa hospitali huko. Nilisimama nikasema dada yangu si muuguzi wala nini, anamwogesha bibi kizee na kumsafisha haja zake, na vigae hivi wanavyovikalia vimetoka huko. Nikamuuliza mama, sisi na hawa tunapishana wapi?

Nilifanya vile kuwatetea. Nilidhani watanishika mkono, tushuke ngazi pamoja. Kicheko kilikatika, kweli, lakini mzee Fortunato alinitazama kwa huzuni akasema, "Ahsante, binti. Lakini anayeweza kumwaga siri ya dada yake mbele za watu, kesho ataimwaga ya kwetu. Na sisi tunazo nyingi kuliko nyinyi." Wakabeba madumu yao wakaondoka. Teodulo alitangulia. Nimemtumia salamu, akanijibu kupitia kwa dada yake kwamba baba ameshasema.

Chakula cha posa hakirudishwi, kwa hiyo yule nguruwe alibaki. Tumemla mimi na mama mpaka jana, kila mmoja upande wake wa meza, na alikuwa mtamu.

Sikuombi radhi kwa barua, maana hilo ni deni la uso kwa uso. Nakuomba jambo jingine. Uliwahi kunisimulia kwamba hata huko neno lile, pobre, wanalo, tena ni la kwao wenyewe, na kwamba bibi unayemwogesha hukuita hivyo akikupapasa shavu, anapokuonea huruma, na wewe linakukera. Niulizie kazi, dada. Kizee yeyote, hata awe hajiwezi kabisa, nitamwogesha. Hapa nitaitwa hivyo mpaka kufa, na nimejitakia mwenyewe. Nataka walau niitwe na mtu anayenihurumia.

Jitunze na baridi. Salamu za mama hazimo, kwa kuwa hajui kama naandika.

Ni mimi mdogo wako,
Crisanta