Mnyororo wa Segese Usitoke Nyumbani

Kalangalala, Geita

Kaka Mabula,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ulinitangulia kuzaliwa, na leo sina sababu nyingine. Mama hajambo, nimeongea naye kwa simu asubuhi. Baba najua anasema hajambo, maana hajawahi kusema vinginevyo. Afya yako siiulizi. Mtu anayekataa kupokea simu yangu tangu Jumanne ana nguvu za kumtosha.

Barua hii utamsomea Baba kwa sauti, kama unavyomsomea barua zote tangu macho yake yaingie ukungu. Usiruke mstari. Nimeshamsomea Mama yote kwenye simu, naye atakaa hapo mkisoma.

Mimi huku nipo, karakana ni ile ile ya fundi Rashidi, nachomelea milango na matoroli kwa umeme. Vumbi limenikaa kifuani, na wachimbaji wakija wananiuliza fundi yuko wapi huku mashine nimeishika mimi. Hayo nimezoea. Nisichoweza kuzoea ni kilicholetwa hapa Jumanne.

Walileta ndoo ya kuvutia mawe kutoka kwenye duara, yaani shimo lao la dhahabu. Mnyororo mfupi unaoishika ulikatika ndoo ikiwa imejaa, ikamwangukia Masele aliyekuwa chini akijaza. Ana watoto watatu. Mguu umesagika kuanzia goti. Wenzake walitaka niichomelee tu ile pete ya mnyororo wakaendelee na kazi. Nikaigeuza, nikaona alama tatu za patasi. Alama ya Baba, ile anayoipiga kwenye kila mnyororo anaoufua.

Nikazima mashine. Fundi Rashidi, ambaye ujana wake wote aliumalizia karakana ya reli, akaichukua akatoka nayo juani.

"Mama Neema, hii imeungwa kwa moto na nyundo," akaniambia. "Zamani minyororo yote ilikuwa hivi, ya meli, ya mabehewa. Na mpaka leo kuna viwanda vinatengeneza mabomba hivyo hivyo, bamba linapashwa moto mpaka liwe jeupe, linakunjwa, kingo zinabanwa, zinashikana moja kwa moja. Kazi ya heshima kabisa. Lakini aliyefanya hii hakuunga. Amefunika tu."

Akanionyesha. Pale ilipokatikia, ukingo mwembamba wa nje ndio uliong'aa. Ndani kote kulikuwa kweusi kama mkaa. Pande mbili zililala pamoja muda wote huo bila kushikana.

Sasa nakuuliza wewe unayevuta mivukuto. Ulisimama hatua moja kutoka kwenye moto ule. Uliona chuma kinatoka kikiwa bado cha njano, cheche hazijaanza kuruka, mchanga wa mtoni mnaokinyunyizia ili kishikane haujayeyuka juu yake. Baba akakiweka kwenye fuawe, akapiga. Nawe ukanyamaza.

Najua utakachojibu. Utasema kwetu anayevuta mivukuto hafungui kinywa chuma kikiwa motoni, anayesema ni mhunzi peke yake. Unanifundisha mimi? Mimi niliyefukuzwa pale kwa kuwa ni mwanamke, nikajifunza rangi zote za moto kwa kuchungulia kwenye ua wa minyaa huku nina mzigo wa kuni kichwani? Mwiko ule uliwekwa ili mhunzi asivurugwe anapotazama. Haukuwekwa kwa ajili ya mhunzi asiyeona. Wewe umejificha nyuma yake kwa sababu ni mwoga, na kwa sababu unapenda watu watoke mbali waje kuulizia minyororo ya kwenu. Nimekasirika, Mabula, na sitaki kukuficha.

Nilidhani labda hujui. Mama akanijibu, "Ng'wanone, mwanangu, anajua. Tangu mavuno anajua. Akitoka pale kwenye moto hata ugali haumpiti kooni." Kumbe chakula ndicho kinachokushinda. Kusema hukujaribu.

Tena akaniambia mnyororo wa watu wa Segese umeshakamilika, umetundikwa mlangoni, na Jumamosi wanaufuata. Ule si wa mawe. Ni wa kuteremshia watu shimoni. Watu, Mabula, wenye wake na mama zao. Mnyororo ule usitoke nyumbani. Ukitoka, nitakwenda Segese mwenyewe, nitaukata mbele yao na kuwaeleza kwa nini. Jina la Baba likianguka siku hiyo, aliyeliangusha ni wewe.

Ile pete iliyokatika nimeifunga pamoja na barua hii, na dereva wa lori la mchele anayelala hapo kwenu Maganzo kesho atakukabidhi vyote. Mpe Baba aishike. Vidole vyake bado ni vya mhunzi. Atagusa pale ndani na hatahitaji kuelezwa na mtu.

Nisalimie mke wako, shemeji yangu mpole, ambaye sina ugomvi naye. Nisalimie shangazi anayeuza michembe ya viazi sokoni, umwambie ile aliyonitumia tuliimaliza siku mbili tu. Mjomba wa ng'ombe naye mwambie nimepata dawa ya kupe aliyoniagiza. Wewe sikusalimii mara ya pili.

Yaliyobaki ni ya Baba, na uyasome polepole.

Baba, shikamoo. Ni Minza. Macho yako hayaioni tena ile rangi nyeupe ya moto. Mabula ameliona hilo tangu mavuno, akaogopa kukwambia.

Basi, kaka. Kama umesoma kwa sauti nilivyokuagiza, umeshamwambia. Weka karatasi chini, umtazame, umjibu atakachokuuliza.

Mdogo wako,
Minza