Pikapu ya Baba, Honi na Mwinuko wa Makaburini

Nyumba yenye bati jekundu,
Nyuma ya ghala la mbao.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa kaka mkubwa,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia kwa baba hadi kwa huyu paka ambaye amekalia karatasi yangu na hataki kuondoka. Natumaini mu wazima, wewe, wifi na watoto. Kifua kimepoa? Wifi aliniambia baridi ya huko ilikukohoza mpaka majirani wakaja kuuliza, na kwamba sweta alilokununulia umelitundika tu ukutani kama pambo. Livae, kaka.

Sisi hatujambo. Baba bado mgongo unamsumbua akikaa sana, lakini anakula vizuri, anagombana na redio, na juzi alipaka rangi mlango wa jikoni bila kuulizwa na mtu. Ni rangi ya kijani ambayo hakuna aliyeiomba. Tumemsifu.

Nimekuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu haya nikiyasema kwa mdomo nitalia au nitatukana, na vyote viwili sitaki uvisikie. Ni habari ya siku tuliyomzika mama. Ulipouliza, tulikujibu kwamba kila kitu kilikwenda salama. Baba ndiye aliyetuambia tuseme hivyo. Alisema wewe uko mbali, nauli ilikushinda, unalia peke yako, hakuna haja ya kukuongezea. Sasa ameniruhusu.

Kaka, tulimbeba mama kwa pikapu yetu, kama alivyotaka mwenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha. Jeneza nyuma, shangazi zetu wawili wamelishika huku na huku, baba pembeni yangu, na watu wengine wakifuata kwa miguu. Tulipofika katikati ya ule mwinuko wa makaburini, pikapu iliishiwa nguvu. Nilikanyaga mafuta mpaka chini, ikawa inanguruma tu na kutoa moshi. Ikaanza kurudi nyuma. Mjomba alikimbilia jiwe akalisukumia chini ya tairi.

Basi nyuma yetu ikatokea pikapu ya Honi. Unamkumbuka? Yule msafirisha matofali, tuliyempa jina hilo kwa sababu hawezi kupita hata mbele ya kuku bila kupiga honi. Tulipomwona tulishukuru. Gari lake lina nguvu, na kamba anayo. Baba alishuka akampungia mkono. Honi akasogea, akashusha kioo, akatazama jeneza, akatazama tairi letu lenye jiwe, akacheka. Akasema:

"Shusheni mzigo, gari itapanda."

Kisha akapiga honi yake na kutupita.

Mzigo ni mama yetu, kaka. Tulimshusha. Wanaume walimbeba begani sehemu yote iliyobaki, juani, na baba akitembea nyuma yao huku ameshika kiuno. Na hilo halikumtosha Honi. Alikwenda akalifanya kichekesho pale uwanja wa kupakia. Kila nilipoingia na pikapu, madereva wenziwe waliitana: "Shusheni mzigo!" Wiki chache baadaye akaja nyumbani, akakaa kwenye kiti cha mama, akamwambia baba yuko tayari kuinunua pikapu kwa bei ya vyuma chakavu, kabla haijatuaibisha tena. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani mkononi. Sijui kwa nini haikumfikia kichwani.

Tangu siku hiyo neno lile, mzigo, lilikuwa masikioni mwangu. Nikila, lipo. Nikilala, lipo. Niliamua jambo moja tu: pikapu ya baba itaupanda mwinuko ule na mzigo kamili, nami nitampita Honi aone taa zangu za nyuma.

Nilianza kwa Daktari wa Spea, yule muuza vipuri mwenye koti jeupe kama la hospitali. Nilimweleza nataka injini iwe na nguvu zaidi. Hakuuliza hata ni gari gani. Alinitolea kisanduku cheusi kidogo chenye waya mbili, akasema unakichomeka kwenye injini jioni, na asubuhi hujui kama ni pikapu au ndege. Alikuwa nacho kidogo, cha kati, na kikubwa chenye picha ya simba. Nilitamani cha simba, sikufichi. Lakini pikapu ile ndiyo inayotulisha, na mkono wangu uligoma kuingia mfukoni.

Ndipo mama mmoja ninayempelekea magodoro akaniambia kuhusu Bi Waya. Huyu alikuwa fundi umeme wa majumbani, sasa anashughulikia kompyuta za magari kwenye gereji moja nyuma ya shule. Ni mwanamke mfupi, hacheki, na anaongea nawe huku akitazama gari. Alichomeka waya wake chini ya usukani, akaniweka nimwendeshe juu na chini, macho kwenye kioo cha kompyuta yake. Tuliporudi akaniuliza:

"Unataka kubeba au unataka kukomoa?"

"Vyote viwili."

"Kukomoa hakumo humu," akasema, akafunga kompyuta.

Nilimweleza habari ya mama. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia pikapu yetu kwanza ni mgonjwa: mpira unaopeleka hewa kwenye injini ulikuwa umepasuka kwa chini tusikoona, na chujio la hewa limeziba kama pua ya mtoto. Ndiyo maana ilituangusha siku ile. Mgonjwa atibiwe kwanza, halafu yeye ataandika upya mipango ya kompyuta ya injini ili nguvu ije mapema, pale gari linapoanza kuinua mzigo. Mbio hatanipa hata nikilia.

Nikamuuliza kuhusu kisanduku. Alinyoosha mkono dirishani, akachukua kipande cha chuma alichokuwa akitilia kalamu zake. Ilikuwa pistoni ya injini, imetoboka katikati kama mshumaa ulioyeyuka. Alinieleza kwamba kisanduku kinaidanganya injini imwage dizeli nyingi kuliko inavyoweza kuchoma salama. Tambarare utafurahi. Ukienda kwenye mwinuko mrefu na mzigo mzito, siku moja inapata joto, inatoboka, basi. Nilishika ile pistoni muda mrefu, kaka. Nilikuwa namfikiria mtu.

Kazi ya Bi Waya ilinipendeza mno. Sikuwahi kudhani pikapu ile inaweza kuvuta hivyo. Siku ya kwanza yenye mzigo wa maana, nilikuwa na saruji, na Honi yuko mbele yangu na matofali yake. Nikaingiza gia ya tatu, nikampita polepole, bila honi, nikitazama mbele. Wapakiaji wake waliokaa juu ya matofali waligeuza shingo kunifuata.

Alikuja uwanjani mchana huo huo. Akazunguka pikapu yetu, akapiga boneti kwa kidole.

"Umeitia nini hii?"

Nilikuwa nimeliombea swali hilo, kaka. Nilikuwa nimelipangia jibu hata nikiwa bafuni.

"Kisanduku cha Daktari wa Spea," nikamwambia. "Kile kidogo. Kikubwa niliogopa."

Unamjua mtu yule. Jua halijazama alikuwa na kikubwa chenye simba.

Na nikuambie ukweli, mwanzoni nilidhani nimejimaliza mwenyewe. Gari lake liliruka. Alinipita asubuhi, akanipita mchana, honi inalia mpaka masikio yanauma, na ule utani wa mzigo ukarudi upya. Wateja wangu wawili wakahamia kwake. Nilivumilia. Nilikuwa natazama bomba lake la moshi tu. Kila akianza kupanda, moshi mweusi, mzito, kama wa jiko la kuni mbichi. Nikawa nalala vizuri.

Ilitokea siku ya soko, watu wamejaa kando ya barabara. Alikuwa mbele yangu, amepakia matofali mpaka springi za nyuma zimelala. Tulipofika katikati ya mwinuko nilisikia mlio kama wa sufuria inayogongwa, kisha moshi mweupe ukafunika kila kitu. Gari lake likasimama, likaanza kurudi nyuma. Wapakiaji wake wakaruka. Mmoja aliangukia mguu vibaya. Nilikimbia na jiwe, nikalitia chini ya tairi mwenyewe, kwa sababu gari lilikuwa linakuja kwangu, na kwa sababu yule kijana aliyeanguka alikuwa analia.

Honi alishuka. Uso umemwiva. Alinitazama, akatazama jiwe, na nikaona kabisa kwamba amekumbuka. Watu wote wa soko wametukodolea macho. Wote walikuwa wanangoja niyarudie maneno yake. Nilikuwa nayo mdomoni.

Nikamwambia, "Funga kamba."

Nilimpandisha, kaka, na matofali yake yote. Gia ya kwanza, taratibu, ili hata mwenye kiatu kibovu aweze kutufuata na kutazama. Yeye nyuma ameshika usukani wa gari lililokufa. Pikapu ya baba haikukohoa hata mara moja. Nilikuwa naimba.

Tulipofika geti la makaburi nikasimama. Nikaenda dirishani kwake.

"Shuka ukamsalimie mama."

"Nina matofali ya watu hapa."

"Matofali hayaozi. Nitakungoja. Dizeli ninayo ya kutosha."

Nikarudi kwenye kiti changu, nikakaa, injini inaunguruma. Watu waliotufuata nao wakakaa kwenye majani. Alivumilia mpaka watu wakaanza kununua karanga. Mwishowe akafungua mlango, akavua kofia, akaniuliza kwa sauti ya chini ni wapi. Hakujua hata lilipo kaburi. Nikamwonyesha. Alisimama pale kichwa chini, midomo inacheza. Sikusikia alichosema, sikutaka kusikia, hakikuwa changu. Alipogeuka nilikuwa nimeshafungua kamba na kuiviringisha vizuri juu ya boneti lake. Nikaondoka, nikamwacha getini na matofali yake.

Roho yangu ilisuuzika, kaka. Sitakudanganya kwamba nilijuta njiani. Nilicheka peke yangu mpaka nikapitiliza nyumbani.

Lakini Bi Waya alinikata kicheko. Nilimwendea kumsimulia nikidhani atafurahi. Nilipofika pale pa kumtaja Daktari wa Spea, aliniomba nirudie. Nikarudia. Akaniuliza juu ya matofali yale walikuwa wamekaa wangapi. Nilipopanga mpango wangu sikuwahesabu. Akasema, "Nilikupa onyo ujilinde, wewe ukalifanya mtego." Kisha akanyoosha mkono kuelekea barabarani. Hataki kuiona pikapu yetu tena. Yule kijana mguu umeteguka tu, anatembea sasa. Nampelekea chakula kila nikipita, na sijamwambia kwa nini. Hilo ndilo pekee linaloniuma. Kwa Honi, haliniumi lolote.

Baba nilimweleza yote jioni ile. Aliuliza tu kama Honi alivua kofia. Nikamwambia alivua. Akazima redio, akaenda kulala mapema.

Jana Honi alikuja nyumbani kwa miguu. Injini yake iko chini kwa fundi, vipande vipande. Safari hii hakukaa kwenye kiti cha mama, alisimama karibu na mlango wa kijani mpaka baba alipomwambia akae. Akaomba radhi, kwa maneno mafupi, bila kupamba. Nami nikaona bora nimmalizie: nikamwambia mbele ya baba kwamba kisanduku sikuwahi kukifunga, nilimdanganya ili akinunue. "Nilishajua," Honi akasema. "Gari lilipokufa nilimwendea Daktari, akaniambia hujawahi kununua." Baba akamsamehe. Akaniambia nimletee maji, nikamletea, na glasi nikaiweka mezani. Mkononi mwake sikuiweka.

Alipokuwa anaondoka aliniuliza kama mama ana mtoto mwingine. Nikamwambia yupo, ni wa kwanza, hakuweza kuja kuzika. Akaomba anwani yako. Nimempa. Kwa hiyo utapata barua yenye mwandiko usioujua, na ndani yake ataomba msamaha. Kuutoa au kuuzuia ni haki yako, mimi sina neno. Ila nakuomba kitu kimoja, mimi mdogo wako ambaye siombi mengi: usimjibu upesi. Mwache aende posta, kule juu kupita makaburini, aulize, aambiwe hakuna. Arudi tena, aambiwe hakuna. Aipande ile njia kwa miguu huku jua likimchoma, kama baba alivyoipanda. Ukiona imetosha, mjibu vizuri, maana wewe ndiye mwenye moyo wa mama. Mimi nilirithi pikapu.

Msalimie sana wifi, umwambie kitambaa alichonitumia nimekishona gauni. Wape watoto mabusu yao, na yule mdogo mwambie shangazi anamsubiri amfundishe kuendesha. Shangazi wote wawili wanakusalimu, na mjomba anauliza kama huko bado kuna viatu vya namba yake. Baba anasema nikuandikie kwamba hana la kusema, kisha akakaa hapa pembeni kuhakikisha nimeliandika.

Mungu akulinde huko uliko, akupe riziki isiyo na masimango, na akulete nyumbani sote tungalipo.

Ni mimi nikupendaye bila kupungua,
Kitindamimba wako.