Wifi, Blogu Yetu Bado Sijaifunga

Wifi yangu Salome,

Nimekupigia simu mpaka nimeanza kujionea aibu. Inaita, inaita, halafu inakatika. Ujumbe niliokutumia Pasaka uliusoma, niliona, lakini hukujibu. Kwa hiyo nakuandikia hapa hapa tulipoanzia mimi na wewe, mbele ya wasomaji wetu wachache waliobaki. Wanisamehe. Sina mlango mwingine wa kugonga.

Kinachonitesa zaidi ni kwamba nakuona kila siku. Nikiwa kwenye basi kwenda kazini nafungua simu, na wewe uko hapo, umependeza, unawaambia watu wanunue mafuta ya nywele. Nakutazama bila sauti. Naangalia kama umekonda. Naangalia ukuta ulio nyuma yako, nikijaribu kubahatisha unakaa wapi siku hizi. Halafu nafika kituo changu, nashuka, naenda kumwogesha bibi wa watu na kumpikia uji wake wa shayiri, na mpaka jioni sijaongea na mtu hata mmoja aliyemjua Elia, kaka yako.

Unaukumbuka mwaka niliokuja London? Elia alikuwa ameniletea koti alilolinunua mwenyewe, na wewe ulipoliona tu ukacheka: "Wifi, hili ni la kwendea kanisani, siyo la baridi hii." Ukavua la kwako ukanivika. Wiki ile ile nikapotea. Nilipanda treni iendayo kusiko, nikajikuta Thornton Heath, sijui nirudi vipi, Kiingereza chote kimenikimbia. Nikaingia kwenye duka la vyakula nikasimama mbele ya magimbi najisemea peke yangu, "Ee Mungu, ndiyo nimekwisha." Mama mmoja nyuma yangu akanijibu, "Hujaisha, dada, umepotea tu." Alikuwa Mkongo, Kiswahili chake cha kule kwao, akanishika mkono mpaka stesheni.

Nilipokusimulia ulicheka mpaka ukashika meza. Kisha ukaniambia, "Andika hiyo."

"Niandike wapi?"

Ukasukuma mchicha pembeni, ukafungua kompyuta yako juu ya meza ya jikoni, na Elia aliporudi kazini alitukuta tumeinamiana pale kama watoto wenye siri. Tulikuwa hatujapata jina la blogu. Akasema akiwa bado mlangoni, "Iiteni Mawifi wa Lewisham, kwa mtaa wetu huu. Hivi mnadhani kuna mtu atasoma?"

Walisoma, wifi. Wewe uliandika namna ya kuongea na daktari bila kutetemeka, kwa sababu ulikuwa nesi na uliwaona wenzetu wakiitikia "yes, yes" kwa mambo wasiyoyaelewa. Mimi niliandika juu ya ugali uliokataa kushikana, na juu ya jirani aliyetuletea kadi ya Krismasi nasi tukakaa siku tatu tunajadili tumrudishie nini. Hakuna aliyetutuma. Hakuna aliyetupa hata kijiko. Yule baba wa Hounslow anayepakia mizigo uwanja wa ndege alituandikia kwamba hutusoma wakati wa mapumziko, akila mkate wake, kwa kuwa hicho ndicho Kiswahili pekee anachokipata wiki nzima. Uliyasoma maneno yake kwa sauti mara tatu. "Wifi," ukasema, "tuna mtu."

Kisha mambo yakabadilika. Sisemi ulibadilika wewe. Uliweka video moja tu ukicheza huku unakaanga samaki, ikasambaa, na vifurushi vikaanza kuja: mawigi, losheni, viatu visivyo saizi yako. "Watu hawasomi siku hizi," uliniambia. "Wanatazama. Na kampuni zinafuata macho." Sikukuonea wivu. Nani alikuwa anakushikia simu kama si mimi? Nani alikuwa anakwambia rudia, hapo umepepesa? Ulipoacha kazi ya hospitali nilishukuru Mungu, maana mgongo wako ulikuwa umekwisha kwa kunyanyua wagonjwa. Mimi niliendelea na blogu kila Jumapili baada ya ibada. Ukawa unanitania: "Bado unaandika zile insha?" Nikacheka na wewe. Lakini kicheko kile kilikuwa kinaniuma, na sikukwambia.

Halafu Elia akaugua. Wewe unajua jinsi ilivyokwenda haraka, hatukupata hata muda wa kuzoea jina la ugonjwa.

Siku ya pili ya msiba fleti ilijaa, viatu vimepangwa kwenye korido mpaka kwenye ngazi, akina mama wa kanisani wanaimba. Nikaenda jikoni kutafuta sukari ya chai. Nikatafuta kila kabati. Sukari ilikuwa mbele yangu, juu ya meza, na nilipoiona ndipo nilipovunjika. Nikaegemea friji nikalia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nikakuona umesimama mlangoni. Nikajua umekuja kunishika.

Nilijua ukweli siku kadhaa baadaye, sokoni, nachagua nyanya. Binti mmoja wa Kikenya akanigusa bega. "Pole sana, mum. Si ni wewe ule wa video?"

"Video gani?"

Nadhani alitamani asingeniuliza. Akanionyesha. Mimi, friji, kanga imeniteleza begani, na muziki wa taratibu umewekwa juu ya kilio changu. Chini yake maandishi: Je, familia yako imejiandaa? Na jina la kampuni ya bima ya mazishi, na sauti yako ikiwaambia watu wabonyeze hapo.

Nilikuja kwako na nyanya mkononi. Nilikuita kwa jina, kitu ambacho sikuwahi kukufanyia hata mara moja. "Salome, umeuza kilio changu."

Ulikuwa umevimba macho. Leo nakumbuka kwamba ulikuwa umevimba macho. Siku ile sikuona.

"Nilikuwa na mkataba," ukasema. "Wiki ile ilibidi niweke kitu, na ndani yangu hakukuwa na kitu kingine. Alikuwa kaka yangu kabla hajawa mume wako, wifi. Na mimi nililia. Nililia nyuma ya simu."

Hapo ndipo nilipokwambia lile neno. Nilikwambia Elia amekufa akikuonea aibu.

Ulifungua mlango ukaushikilia mpaka nilipotoka. Video uliiondoa siku ile ile. Ulipohama, niliambiwa na mtu wa kanisani ambaye alidhani najua.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Miezi michache iliyopita niliandikiwa na kampuni nyingine. Walikuwa wameiona ile video kabla hujaiondoa, wakanitafuta mpaka wakanipata. Walitaka niwe na ukurasa wangu. Na mimi nikakubali, wifi. Mimi niliyekuja kwako na nyanya nikikuhukumu. Kodi ya nyumba ya watu wawili inalipwa na mtu mmoja anayebeba boksi la kuogesha wazee, lakini siyo hilo hasa. Nilikuwa nimechoka kuandikia ukimya. Yule baba wa Hounslow alikuwa hasikiki tena. Niliandika, nikangoja, nikafungua kutazama, hakuna mtu. Nikajiambia wifi alikuwa na akili, mimi ni mwehu ninayeongea kwenye chumba kitupu.

Nikaenda ofisini kwao. Kijana mpole, amenikaribisha chai, ananiita mama. Akasema ukurasa utaitwa Mjane wa London. Nikauliza blogu yangu je?

"Hiyo tutaifunga, mama. Maandishi marefu hayauzi. Halafu kuna jina la mwenzako humo, na yeye ana mikataba na watu wengine. Itachanganya wateja."

Nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo, niliitikia. Wakaniweka karibu na dirisha kwa sababu ya mwanga, kijana akasema, "Tuambie siku aliyofariki. Ukisikia kulia, usijizuie."

Nililia, wifi. Hata sikujitahidi. Maneno mawili tu na machozi yalikuwa kidevuni. Na katikati ya kulia nikagundua nimegeuza uso kidogo, nikauinua kuelekea mwangani. Hakuna aliyeniambia. Mwili wangu ulijua wenyewe kinachotakiwa. Na yalikuwa machozi ya kweli! Ndicho kilichonitia hofu. Nikakuona wewe pale mlangoni mwa jiko langu, mkono umeinuka, mkono uliokuwa haujui pa kwenda ukafanya kile ulichozoea. Hukuwa na moyo wa jiwe. Ulikuwa mfiwa mwenye simu mkononi.

Nikamwambia kijana afute.

"Una uhakika, mama? Hii ilikuwa nzuri sana."

"Futa nikiona."

Akafuta. Nikatoka nje kwenye mvua nikavipita vituo vitatu vya basi bila kukumbuka kwamba ninapaswa kupanda. Nilipofika nyumbani nilikaa mezani na koti langu limelowa, nikafungua blogu, nikaandika jinsi Elia alivyokuwa anapiga pasi mashati yake Jumamosi asubuhi akiimba pambio moja bila kulimaliza. Hakuna aliyejibu. Nikangoja wiki. Hakuna. Nikaandika tena.

Usidhani ni ushujaa. Watu wakiniuliza kwa nini siachi, nabadilisha mazungumzo. Najua tu kwamba nikiifunga, katika mji huu wote hapatabaki mahali ambapo Elia anatajwa kwa lugha yake bila bidhaa kuwekwa pembeni yake. Basi. Kwa hilo naandika, hata kama nasomwa na ukuta.

Lakini haitoshi, na hapa ndipo ninapokosa nguvu. Mimi namjua Elia tangu akiwa mtu mzima, ana ndevu na kazi. Yule mtoto aliyekuwa kabla ya hapo unaye wewe. Lile kovu la kwenye nyusi aliniambia aliumizwa na ng'ombe. Siku moja ulisikia ukaangua kicheko, "Ng'ombe gani!" naye akakuziba mdomo kwa kiganja. Sikuwahi kuambiwa. Mwezi huu nilianza kuandika juu ya uso wake, nikafika kwenye nyusi, kalamu ikagoma. Wazazi wenu hawapo. Hakuna mwingine wa kumuuliza duniani isipokuwa wewe. Nimekaa pale pale kwenye nyusi, wifi, siwezi kwenda mbele.

Na wewe nawe kuna kitu chako ninacho mimi. Nimekificha zaidi ya mwaka.

Alhamisi ile ya mwisho ulikuwa safarini kwa kazi yako. Tulikuwa wodini, mchana, jua kidogo limeingia. Elia akaomba simu yangu. Nilidhani anataka nimsomee zaburi. Akasema, "Nitafutie mdogo wangu." Nikafungua ukurasa wako. Ulikuwa unatangaza masufuria. Akaniambia niongeze sauti. Nikamwambia kuna wagonjwa wengine. "Ongeza." Akaitazama yote, akaniashiria nirudie, akaitazama tena. Nesi alipokuja kumpima presha, akamgeuzia simu, akamwambia kwa kile Kiingereza chake cha taratibu kwamba huyu ni mdogo wake, na kwamba alipokuwa mtoto alikuwa akiogopa watu mpaka anajificha uvunguni wageni wakija. "Sasa mwangalie," akasema. "Mwangalie anavyoongea." Nesi akasema ni mrembo. Elia akacheka, kicheko kile ambacho hakikuwa na pumzi tena. Akalala simu ikiwa kifuani mwake, wewe bado unaongea. Hakuongea tena maneno ya maana baada ya hapo.

Kwa hiyo nilikudanganya. Hakukuonea aibu. Kitu cha mwisho alichojivunia hapa duniani kilikuwa wewe, na masufuria yako, na kazi ile ile ambayo mimi siipendi mpaka leo. Wakati wa msiba sikukwambia kwa sababu nilitaka maneno yake ya mwisho yawe yangu. Baada ya video niliapa hutayapata kamwe. Wewe ulichukua kilio changu ukakirudisha siku ile ile niliyokuja kukidai. Mimi nilichukua buriani ya kaka yako nikakaa nayo mwaka mzima, nikakuacha ulale na uongo wangu kila siku. Kati yetu wawili, mwizi mkubwa ni nani?

Sikuombi uache kazi yako. Sikuombi urudi kuandika. Uliza tu hali yangu siku moja, au nitukane, nitapokea. Jumapili nikitoka kanisani nitakupigia. Kama huna la kusema, usiseme. Pokea tu simu, nisikie kuna mtu upande wa pili.

Mungu akufunike huko uliko, na akusamehe kwa haraka kuliko nilivyokusamehe mimi.

Ni mimi wifi yako,
mke wa kaka yako.