Godoro la Baba Kwa Muuza Magari

Mwanangu,

Supu ya baba yako iko kwenye chupa ya chai. Mgeuze ubavu kwanza ndipo umpe. Mimi nimekwenda kazini, nimeshachelewa.

Asubuhi nilimlaza kitandani kwako, nikajitwika godoro lake mpaka kwa muuza magari. Ndiyo, kichwani, na watu wakanishangaa. Muuzaji akaanza kunisifia injini. Nikamwambia mimi sibebi mchanga, nabeba mume wangu aliyevunjika mgongo, kila kliniki anakwenda amelala chali.

Ile pikapu ya wastani unayoililia itafika mpaka mlangoni kwetu, lakini nilipolitandika nyuma yake, godoro lilijikunja. Nikalala juu yake, miguu ikagonga mwisho, na mimi kwa baba yako ni mfupi. Muuzaji anasema tufungue mlango wa nyuma. Baba yako si mbao! Kwenye ile kubwa nilinyooka hadi usingizi ukanijia, ila haipiti kichochoroni. Nimepima kwa kamba. Tutambebaje kutoka barabarani, naye akitikiswa tu analia?

Mpigie muuzaji, mwambie tunachukua ~~ile kubwa~~ ~~ya wastani~~ bado tunafikiria.

Shuka lako linanuka dawa, nitalifua.

Niliporudisha godoro, baba yako aliniuliza lilikuwa wapi. Nikamweleza. Akasema, “Nunueni itakayowafaa mkishanizika.” Nikajifanya sijasikia. Na wewe jifanye hujasikia, maana atarudia.

Mama yako